Hodi kwenye Shimo la Kumi na Nane

Alhamisi ya pili ya Novemba, mwaka 2006, saa kumi na moja kasorobo jioni, Protas alikuwa amebakiza nusu hatua tu kumaliza siku ya kwanza ya Ubingwa Mkuu wa Mto Lulu. Kiwanja chenyewe kilikuwa ng'ambo ya bandari ya Huangpu, mwendo wa saa nzima kwa teksi kutoka katikati ya Guangzhou. Watazamaji walikwisha kwenda zao, kwa kuwa kundi lake lilikuwa la mwisho na yeye alikuwa wa mwisho katika kundi. Akaugusa mpira kwa fimbo. Mpira ukaenda hadi mdomoni mwa shimo, ukalizunguka mara moja, ukarudi ulikotoka. Akaugusa tena. Ukazunguka, ukarudi.

Protas alikuwa na miaka arobaini na saba. Gofu aliianza Moshi, akiwabebea fimbo watu wengine, na katika klabu ile wabeba fimbo walipewa chai yao mlango wa jikoni, baada ya kubisha hodi na kuitikiwa. Hivyo alipochoka, mdomo wake ulisema wenyewe kile ulichozoea kusema mbele ya mlango uliofungwa.

"Hodi," akasema.

"Yap lai," sauti ya bibi kizee ikaitika kutoka shimoni. Hicho ni Kikantoni, maana yake ingia.

Protas akaugusa mpira mara ya tatu, ukaingia. Mbeba fimbo wake, Mama Leung, mwanamke wa makamo aliyevaa fulana ya kijani yenye namba 46 mgongoni, akajaza mikwaju saba kwenye kadi, akaichomeka bendera mahali pake. Kwa siku nzima ilikuwa mikwaju sabini na tisa. Ni wachezaji wanne tu waliofanya vibaya zaidi, na mmoja wao alikuwa na homa.

Haya yote yaliangaliwa na mtazamaji mmoja aliyebaki, Bimkubwa, Mzanzibari aliyekuwa na mwaka wa saba Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika mjini Guangzhou, akinunua milango na vitasa na kuvisafirisha kwa kontena. Alisikia kuna Mtanzania anacheza, akafunga duka, akaja na chupa ya chai. Kichina chake kilikuwa cha sokoni, chenye bei nyingi na adabu kidogo, lakini kilimfikisha.

"Kaka Protas, mbona hodi moja?" alimwambia walipokuwa wakimimina chai. "Kwetu sisi hodi ni tatu. Ukikosa jibu la tatu, unageuza njia. Hupigi mlango wa watu teke."

"Ilinitoka tu, dada."

"Na ndo ikakufaa." Akamgeukia Mama Leung, akamuuliza kwa Kichina ni nani yule aliyeitika.

"Ni mama yangu," Mama Leung akajibu. "Hapendi watu wanaoingia bila kuomba."

Bimkubwa akamwuliza mbona yeye mwenyewe hakumsalimia. Mama Leung akasema wabeba fimbo hawaruhusiwi kuzungumza kwenye nyasi fupi za kuzunguka shimo. Halafu akasema, akitazama kikombe, kwamba hiyo siyo sababu. Sababu ni kwamba dole gumba lililotiwa kwenye karatasi ya kuuza nyumba ya mama yake lilikuwa lake yeye. Tangu mwaka 2001 hajamwita mama yake, na mama yake hajamwita.

Hapo kiwanjani palikuwa na kijiji cha ukoo wa Leung, nyumba kumi na nane na bustani za matunda ya malaichi. Serikali ya mtaa na kampuni ya gofu ziliwaahidi wanakijiji jengo la ghorofa lenye lifti. Bango la jengo lilisimamishwa, na bado lilikuwa limesimama, zuri sana, lenye picha ya mtoto na puto. Vijana walihama. Wazee walikataa. Nyumba zikabomolewa, udongo ukasawazishwa, wazee wakabaki ndani. Mchoraji wa kiwanja, aliyetoka nchi za mbali na hakupenda kazi ya ziada, aliweka kila shimo pale ardhi ilipokuwa imeshakanyagwa ikakaza, yaani mlangoni mwa kila nyumba. Ikifika saa ya chakula, mashimo yalitoa mvuke wa wali na harufu ya samaki wa chumvi, na mtunza nyasi alilalamika kila wiki kwamba unamwunguzia nyasi.

Protas alisikiliza habari hizi, Bimkubwa akimtafsiria, huku akisugua goti. Mfukoni alikuwa na barua ya klabu ya Moshi. Walimwekea kazi ya kusimamia wabeba fimbo kuanzia Januari. Miaka ishirini ya kucheza kwa kulipwa, na hajawahi kushinda hata kombe la bati. Bingwa wa Mto Lulu alipewa haki ya kucheza mashindano makubwa kwa miaka mitano. Wengine wote walipewa mkono na kofia. Kwa Protas, hayo ndiyo yaliyokuwapo: ama fimbo ziwe zake, ama arudi kwenye mlango wa jikoni.

Ijumaa alianza mapema, akabisha hodi kila shimo. Shimo la tatu alimwitikia mzee aliyekohoa kwanza. Shimo la saba walikuwa wanakula, wakamwambia aingie tu, chakula hakina mlango. Shimo la kumi na moja mzee mmoja akaomba asubiriwe avae shati, na Protas akasubiri, kofia mkononi. Mipira yake iliingia kama watoto wanaorudi kutoka shule. Alimaliza kwa mikwaju sitini na sita, akavuka mchujo kwa mkwaju mmoja, na Bimkubwa aliwapigia simu watu wote wa Xiaobei waliokuwa kwenye orodha yake, hata wale aliokosana nao.

Wachezaji wengine hawakufurahi. Mipira yao ilikuwa ikizunguka mashimo na kurudi tangu jana, na walikwisha kulaumu upepo, nyasi, na kiwanda kilichotengeneza mipira. Wakamwendea mwamuzi mkuu, mzee wa Kiingereza mwenye kofia ya majani, wakasema Protas anavunja sheria, kwa sababu mchezaji haruhusiwi kuomba ushauri kwa mtu yeyote isipokuwa mbeba fimbo wake. Mwamuzi alisoma kitabu cha sheria mbele na nyuma. Akapiga simu Ulaya. Saa mbili baadaye akatoa uamuzi wa maandishi: kubisha hodi si kuomba ushauri, ni kuomba ruhusa, na kitabu hakimkatazi mtu kuomba ruhusa.

Kuanzia Jumamosi, basi, wote sabini na mmoja waliobaki wakabisha hodi. Wakorea waliitamka vizuri. Waaustralia waliitamka wakicheka, na mipira yao ikabaki nje mpaka walipoacha kucheka. Aliyekuwa mbele ya wote, Mswidi wa miaka ishirini na minne, mwenye mabega mapana na haraka zake, alisema hodi moja na kupiga kabla ya kujibiwa. Nyumba nyingine zilimvumilia, maana wazee hawalingani. Protas akapiga sitini na saba.

Jumapili Xiaobei ilihamia uwanjani. Walikuja wenye maduka, mawakala wa mizigo, wanafunzi wa Kitanzania wenye skolashipu na vitabu vyao kwapani, na Wakongo watatu waliodhani ni mpira wa miguu lakini wakaamua kubaki. Kila Protas alipobisha, umati uliokuwa nyuma ya kamba ulinyamaza kumsaidia kusikiliza, na alipoitikiwa, ulishangilia hata kabla mpira haujaingia. Walinzi wakawaomba wapunguze sauti.

"Laoban, bosi wangu, tunashangilia wenye nyumba," Bimkubwa alimweleza mmoja wao. "Hivi nyumbani kwako mgeni akikaribishwa, mnanuna?"

Mlinzi akafikiri, akawaacha.

Mswidi alimaliza na jumla ya mikwaju mia mbili sabini na tisa, akakaa kwenye kiti akinywa maji. Protas alifika shimo la kumi na nane akihitaji mpira mmoja wa hatua tatu uingie ili awe na mia mbili sabini na nane. Akikosa, wangelingana, na wangerudia mashimo mpaka mmoja ashindwe, na goti la Protas lilikwisha kushindwa tangu shimo la kumi na tatu. Kila mtu alimwona akilivuta.

"Hodi," akasema.

Kimya.

"Hodi."

Mvuke kidogo ulitoka shimoni. Hakuna aliyeitika.

"Hodi," akasema mara ya tatu.

Angegeuza njia kama alivyofundishwa, lakini gofu haina mlango wa kurudia. Akaupiga mpira polepole, kwa adabu yote aliyokuwa nayo. Ukaenda, ukafika, ukasimama kwenye ukingo kabisa wa shimo, nusu ndani nusu nje, pale mgeni anapotakiwa kusimama. Sheria inasema mpira ukisimama hivyo, mchezaji anasubiri sekunde kumi. Ukiingia ndani ya kumi, umeingia. Ukichelewa, umechelewa. Mwamuzi akatoa saa yake na kuanza kuhesabu.

Tangu Jumamosi watu sabini na mmoja walikuwa wakibisha kwa bibi yule, na hakuwa na mtu wa kumsaidia kupokea wageni. Alikuwa jikoni, nyuma kabisa, ameinamia sufuria, na masikio yake yalikuwa ya miaka themanini na tisa.

"Tatu," mwamuzi akasema.

Protas akamgeukia Mama Leung. Akamuuliza kwa Kiswahili, kwa kuwa hakuwa na lugha nyingine ya kuulizia jambo hilo:

"Wenyewe wapo?"

Bimkubwa akatafsiri kwa kelele kutoka kwenye kamba. Mama Leung akatazama shimo. Akatazama meneja wa klabu, aliyekuwa amekaa chini ya mwavuli pamoja na wageni rasmi.

"Sita."

Mama Leung akaweka mfuko wa fimbo chini, akalala kifudifudi kwenye nyasi fupi, mdomo karibu na mpira.

"Ma!" akaita. "Ma! Kuna mgeni mlangoni!"

"Saba."

"Nani huyo?" sauti ikauliza kwa mbali.

"Mimi. Ah Fong."

"Nane."

"Umechelewa kurudi leo," bibi akasema, na nyayo zake zikasikika zikija. "Unamsimamisha mgeni nje kwa nini? Yap lai, yap lai."

Mpira ukaingia kwenye tisa.

Bimkubwa akapiga vigelegele vilivyosikika bandarini. Mgeni njoo mwenyeji apone, alisema, na akarudia kwa Kichina chake cha sokoni, ambamo methali ilitoka kama bei ya jumla. Wanafunzi walimbeba Protas juu, wakajihadhari na goti. Protas alilia wazi, bila kufunika uso, akamtaja mama yake, mke wake, na wabeba fimbo wote wa Moshi aliowakumbuka kwa majina. Mswidi alikuja kumpa mkono, akamuuliza ni kweli hodi huwa tatu. Meneja alimkabidhi kombe, akatangaza kwamba kuanzia mwaka ujao kadi za klabu zitaandikwa kanuni ya kubisha hodi, kwa lugha nne, kama mila ya pekee ya kiwanja. Watu wakapiga makofi, na fataki zikawashwa ingawa jua lilikuwa bado halijazama.

Mama Leung alikuwa bado amelala pale pale. Aliingiza mkono shimoni ukafika begani, ukakwama. Mama yake akasema mlango umekuwa mdogo siku hizi, akamshika vidole, wakakaa hivyo muda mrefu. Wafanyakazi waliokuja kufagia nyasi waliwazunguka. Kisha bibi akasema chakula kinapoa, na kwa kuwa bakuli halikupita, akampa binti yake madonge ya unga yenye kitoweo ndani, ya kuchemsha kwa mvuke, moja moja, mpaka yakafika tisa. Bimkubwa akainama, akauliza yana nguruwe.

"Kamba wa baharini," bibi akajibu kutoka chini.

Bimkubwa akasema bismillahi, akala moja, akala jingine, akaomba aoneshwe namna ya kukunja unga ule. Protas akala moja akiwa juu ya mabega ya watu. Akasema ni tamu kuliko kitu chochote alichowahi kula, na alikuwa akisema kweli.

Saa kumi na mbili king'ora cha kazi kikalia. Mama Leung akamuaga mama yake, akamwahidi kesho, akafunga madonge sita yaliyobaki kwenye leso na kujipanga kwenye foleni ya lango la wafanyakazi, ambako mlinzi hupekua kila mtu anayetoka asije akawa ameiba mipira. Akaifungua leso. Madonge yalikuwa bado ya moto.

"Umeyatoa wapi haya?"

"Nyumbani."

Mlinzi alikuwa kijana mpole. Alifungua daftari lake, akamwonyesha orodha ya majengo yote yaliyomo ndani ya uzio: jumba la wageni, ghala la mashine, banda la mbolea. Nyumba hakuna. Akamweleza kwamba kitu kilichotoka ndani ya uzio ni mali ya klabu mpaka kiwe na karatasi yenye muhuri, na ofisi ya mihuri imefungwa kwa sababu ya sherehe. Alichoweza kumsaidia ni kumruhusu ale hapo hapo.

Mama Leung akala akiwa amesimama upande wa ndani wa lango, bila haraka, akitazama fataki. Alimpa mlinzi donge moja, naye akalipokea kwa mikono miwili, akasema mama anajua kupika. Madonge yalipokwisha alikung'uta leso, akamwonyesha mikono mitupu, akaruhusiwa kutoka.