Mbegu ya Papa Florent

Jirani yangu Florent alikuwa na wimbo mmoja, na aliuimba kila alipopata watu wa kumsikiliza: mbegu yake ni nzuri, udongo ndio mbaya. Mgeni angedhani anazungumzia mahindi. Sisi wa mtaa tulijua anamsema mkewe, Immaculée, ambaye kwa miaka minane ya ndoa hakuwa amepata mtoto. Alimsema mbele yake, huku anakula bukari, ugali uliopikwa na mkewe huyohuyo.

Msimu huu Mungu alimpa Florent ushahidi, au ndivyo alivyoona yeye. Ignace, agronome, yaani mtaalamu wa kilimo, wa mradi mmoja, aligawa mbegu mpya ya mahindi ipandwe sehemu mbalimbali za Kalemie, aone inavyofanya. Kule bondeni, karibu na mto Lukuga, mahindi yalisimama kumpita mtu, kila mmea umebeba mahindi mawili manene. Kwenye kilima cha Florent, ambako ni mchanga na kokoto tupu, yalimfika kiunoni, yakatoa ndevu jua likiwa kali, na mahindi yenyewe yakatoka na punje za kuhesabu. Mtu mwingine angenuna. Florent alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Akaita kikao cha familia, Jumapili baada ya misa. Shabaha ilikuwa moja: Immaculée arudishwe kwao Zongwe. Nilialikwa kama jirani, nikaenda na hasira zangu, maana mwanamke yule nampenda. Na Florent, kwa akili zake nyingi, akamwalika Ignace pia, bila kumwambia kikao kinahusu nini. Alitaka msomi aseme kwa kinywa chake yale ambayo akiyasema yeye watu walikuwa wameanza kupiga miayo.

"Papa agronome," alianza, amevaa koti na joto lote lile, "elezea wazazi. Mbegu nzuri, ukiiweka mu udongo mubaya, inazaa?"

"Haizai, Papa Florent. Kwako umeona."

Florent akatugeukia mmoja mmoja, ametabasamu. Immaculée aliangalia mikono yake. Nilitamani kumtupia mtu kiatu.

"Lakini," Ignace akaendelea, maana mtu wa mradi ukimpa nafasi ya kusema hanyamazi, "shamba moja haiwezi kutuonyesha kitu. Njo maana tunapandaka mbegu moja pahali pawili. Ikikataa huku na ikikubali kule, tunasema ni udongo."

"Mumesikia?" alisema Florent.

"Ila ikikataa pote pawili, na ule udongo ukipewa mbegu ingine unazaa vizuri, hapo hakuna mabishano tena. Ni mbegu."

Kila aliyekuwa mle ndani alimkumbuka Chantal, mwanamke wa Katanika ambaye Florent alimchukua kwa siri, siri iliyojulikana mtaa mzima, akakaa naye miaka mitatu bila hata mimba ya kusingiziwa. Chantal alipomchoka akaolewa na muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, na sasa ana mapacha wanaotembea na mwingine mgongoni.

Mjomba wa Florent alikohoa. Mtu mmoja akatoka nje kucheka. Mimi nilicheka palepale, wala sikuona haya.

Ignace, maskini, aliona uso wa Florent umebadilika akadhani ni uchungu wa mavuno. "Usivunjike moyo, Papa," alisema kwa upole. "Ikifika hapo, sisi hatuhamishaki shamba. Tunabadilishaka mbegu. Projet iko na ingine, naweza kumuletea mama hata kesho."

Hapo hata waliokuwa wamejikaza walishindwa.

Mama Evodie, mzazi wa Florent, hakucheka. Alimgeukia mwanawe akasema, "Florent, kesho asubuhi unaenda ku hopitali, wakupime. Immaculée anabaki kwake."

Immaculée aliinua uso.

"Aende kwanza ku hopitali, mama," alisema. "Kubaki, nitaangalia kiisha."