Jando la Askari wa Ida

Dada yangu Veridiana si mjinga. Anayesema ni mjinga aje aniambie mimi Dorika usoni. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mjinga ni yule daktari na mdomo wake mtamu.

Ida, mwanawe, alivimba taya mpaka meno yakalegea. Saratani, wakasema. Dawa za kwanza zikagonga mwamba. Ndipo daktari mmoja mgeni, aliyekuja Masasi kwa utafiti, akamtoa damu. Akatueleza kwamba ndani ya damu mna chembe nyeupe, askari wa mwili, ila za Ida hazimjui adui. Atazipeleka kwao Ulaya zikuzwe, zigeuzwe ziweze kuitambua saratani, kisha zirudishwe mwilini. Akaona tumemkodolea macho, akacheka.

"Mama Ida, askari wa mwanao wanakwenda jandoni. Watarudi wameshafundwa."

Hapo tukaelewa. Newala nzima ikaelewa. Kwenye foleni ya maji watu wakamuuliza dada, "Askari wa Ida hawajatoka?" Naye akacheka, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau.

Lakini jando lina taratibu zake. Mama haendi kuulizia, na mtoto hatolewi bila mjomba.

Jumatano jioni kondakta wa basi akaleta ujumbe: chembe zimefika Masasi, mleteni Ida kesho. Kaka yetu Silvano alikuwa Tandahimba na wale wanunuzi wapya wa korosho, maana serikali ilishaachia biashara na kila mwenye mizani alikuwa bwana.

"Dada, twende naye kesho," nikasema.

"Bila kaka? Unataka kumtia mwanangu mkosi?"

"Hii dawa, dada, si ngoma."

"Daktari mwenyewe kasema jando. Wewe umesoma kumzidi daktari?"

Mtoto ni wake. Alfajiri nikapanda basi la Tandahimba kumfuata kaka.

Silvano nilimkuta mizanini jioni, baada ya kumsaka mji mzima. Nikamwamkia, nikamweleza. Hakubisha, hilo namshukuru. Ila akasema mtoto hatolewi na nguo kuukuu, kwa hiyo tungoje asubuhi duka lifunguliwe anunue kanga. Nikamfokea mbele za watu.

"Dorika, nina mpwa mmoja tu," akasema. "Asitoke kama yatima."

Tulipowapitia Ida na mama yake Newala na kufika Masasi, ilikuwa Jumamosi. Daktari alikuwa ameketi barazani, kichwa mikononi. Chembe zilikuwa zimekufa. Barafu iliyozihifadhi njiani ilitosha mpaka Alhamisi tu, alituambia, sasa ndipo alipotuambia, na nyingine zikikuzwa, Ida asingeziwahi.

"Kwa nini hamkuja?" akauliza.

"Ulisema jando," Silvano akamjibu. "Jandoni mtoto humngoja mjomba wake. Nimekuja."

Daktari akainama. Nilitamani kumpiga. Nilitamani kumpiga hata kaka yangu, yeye na kanga yake.

Ida alikuwa kwenye benchi, kajifunga ile kanga mpya, uso umevutika upande mmoja. Akanishika mkono.

"Mama mdogo, wametoka?"

Veridiana alinitazama.

"Wametoka," nikasema.

Ida akapandisha mkono wa gauni hadi begani, akanyoosha mkono wake achomwe sindano.