Daraja la Sura ya Saba

Tak Sang-jun alikuwa Mkorea aliyeajiriwa na polisi wa Kijapani mjini Pyongyang, enzi Japani ilipoitawala Korea, na kazi yake ilikuwa kusoma riwaya kabla hazijachapwa, awaeleze wakubwa kilichofichwa ndani ya maneno ya Wakorea wenzake. Kazi yenyewe aliichukia. Lakini ilimlisha yeye na mama yake mgonjwa wa kifua, na majirani waliompita bila salamu alishawazoea.

Vuli moja akaletewa riwaya ya Ma Yong-sik. Huyu walisoma naye shule ya misheni. Alimzidi umri kidogo, na ndiye aliyemfundisha kuogelea mto Taedong. Riwaya ilimhusu mfyatua matofali. Katika sura moja msimamizi anawanyima vibarua majani ya kuchanganyia udongo, na matofali wanayodaiwa hayapungui hata moja. Sang-jun, mtoto wa mzee wa kanisa, akamwona Farao wa Biblia papo hapo, na Waisraeli watumwa wake: Wajapani na Wakorea. Akafunua ukurasa kama hakuona kitu. Alipiga mstari mwekundu kwenye matusi ya mlevi fulani, basi, akapeleka.

Haikupita wiki, mkuu wake Sakuma akamwita.

"Kaa, Tak. Baba yako si alikuwa mzee wa kanisa?"

"Ndiyo, mkuu."

"Na mimi kwetu Nagasaki nililelewa na masista. Sasa haya majani, wewe hukuyaona?"

"Yalinipita, mkuu."

"Yalikupita." Sakuma alikuwa akimenya chungwa, wala hakuinua macho. "Mangapi mengine yamekupita?"

Angeweza kusema hakuna. Lakini alishajiona yuko rumande, na mama peke yake na jiko lililozimika, na ulimi ukamtangulia.

"Lipo daraja, mkuu. Sura ya saba."

Akaeleza. Mfyatua matofali anapigwa hadi kufa juu ya daraja la mawe, na mvua hailitoi doa la damu. Kila mtoto wa Kikorea amesimuliwa habari za waziri aliyeuawa darajani kule Kaesong kwa kukataa kumtumikia mfalme mpya, na damu iliyobaki kwenye jiwe. Sakuma hakuwa ameisikia hadithi hiyo. Aliweka chungwa chini.

Yong-sik akakamatwa. Kijapani alikijua vizuri, ila siku ya mahojiano alikataa kukisema, Sang-jun akakalishwa kati awe mkalimani. Ya matofali Yong-sik hakuyakana.

"Nimeyatoa kwenye Biblia. Ikateni sura hiyo."

"Na daraja?" Sang-jun akauliza.

"Daraja gani?"

"La mawe, kaka. Lenye damu isiyotoka."

Yong-sik alimgeukia. "Lile ni la kijijini kwetu. Baba alipigwa pale na watu wa mwenye shamba. Mama akalisugua kwa majivu, halikutakata. Huyo waziri wala sikumfikiria, Sang-jun. Umemfikiria wewe."

"Anasemaje?" Sakuma akauliza.

Sang-jun akitafsiri kweli, uhaini ule unakuwa wake yeye aliyeufikiria.

"Anasema hana la kujitetea, mkuu."

Yong-sik alisikia kila neno. Angeweza kumsahihisha palepale, kwa Kijapani safi. Aliinamisha kichwa, wakamtoa.

Alifia gerezani kwa ugonjwa wa mapafu, kabla hajamaliza kifungo. Riwaya ilichomwa. Sang-jun alipopata habari alienda kwa mjane, Kwi-nyo, na mfuko wa mchele. Alimkuta uani akisuuza kabichi kwenye maji ya barafu, mikono imemvimba. Mchele hakuupokea.

"Nilipoenda kumwona mara ya mwisho," alisema, "aliniambia nikikutana na wewe nikuulize kama mama yako bado anakohoa."

"Bado, shemeji."

"Haya. Nimeuliza."

Akarudi kwenye kabichi zake.