Mtaala wa Upole

Juu ya meza ya jikoni, huko Missouri, Kendra alikuwa na mitaala mitatu ya chekechea aliyoazimwa na akina mama wa kanisani wanaofundisha watoto wao nyumbani, kila mmoja akiapa kwamba wake ndio wa upole. Huu unakataza herufi kabla ya miaka sita. Ule unadai mstari wa Biblia kwa kichwa kila wiki. Upole gani huu wa kumpasua mtu kichwa?

"Mama, nisomee hadithi ya Nuhu," bintiye Tabitha alimvuta sketi tena.

"Hebu niondokee! Huoni nakutafutia masomo ya upole?"

Tabitha akaenda kuwapanga wanasesere wake sakafuni, akawafunulia Biblia ya picha. Mmoja akaanguka.

"Hebu niondokee!" Tabitha akamfokea. "Huoni haya ni masomo ya upole?"