Mgeni Asiyejaza Kitu

Mjomba ndiye aliyelivalia njuga suala la mlango. Ukurasa wa familia niliutengeneza mimi wakati Mama anaumwa, ili ndugu waliotawanyika waweke picha na salamu, na yeyote mwenye anwani yake aliweza kuufungua. Kisha mtu tusiyemjua akachukua picha ya harusi ya binti wa Mjomba, akaitumia kutangaza biashara yake ya maua. Simu ikaita.

"Weka mlango, mwanangu. Kila mtu aingie kwa jina lake na neno lake la siri."

"Nitaweka, Mjomba."

"Na yule kaka yako asipewe. Asiyekuja kumzika mama yake hana cha kutazama humo."

Nikasema sawa, maana kubishana na Mjomba ni kujitafutia maumivu ya kichwa. Lakini roho iliniuma. Ukurasa ule ulikuwa na mgeni wa kila alfajiri. Seva, kompyuta inayouhifadhi, huandika mstari kwa kila anayefungua, na huyu hakuacha jina wala salamu. Alifungua albamu ya Mama tu, akakaa humo kitambo, akaondoka. Nilijua ni Kaka. Aliondoka nyumbani kwa hasira kabla ukurasa haujawa tayari, na Mama alisema anwani atamtumia mwenyewe. Nani mwingine angemkumbuka Mama kabla jua halijatoka?

Mimi hufanya kazi nyumbani, peke yangu, siku nzima macho kwenye skrini. Kusema kweli, mgeni yule ndiye niliyekuwa nikinywa naye chai. Mstari wake ukitokea nasema, "Umeamka salama, Kaka," halafu naanza kazi. Tangu mazishi hatukuwahi kupigiana simu, lakini niliona ugomvi umekwisha. Si tunaonana kila siku?

Nikaweka mlango. Ndugu wakachagua maneno yao ya siri, na Shangazi akalisahau lake kabla hata hajakata simu. Mwishoni nikamfungulia Kaka akaunti kwa jina lake la utotoni, na kwenye ukurasa wa kuingilia nikaandika: "Kipepeo, neno lako ni jina la paka wetu wa kwanza." Mjomba akiona, na aone.

Alfajiri mgeni akaja. Akafika mlangoni, hakujaza kitu, akaondoka. Kesho yake vilevile.

"Kiburi hicho," nikaiambia skrini.

Alipofanya hivyo tena, hasira ikaanza kugeuka wasiwasi. Mwenye kiburi angekata mguu. Mwenye hamu angejaribu hata jina la paka wa jirani. Huyu hakujaribu na hakuacha kuja. Ndipo nikafanya jambo ambalo fundi yeyote angelifanya mwanzo kabisa, nami sikuwahi kutaka kulifanya: nikaangalia mgeni wangu anatoka wapi. Alitumia kishikwambi, kwenye mtandao wa nyumba ya Mama, ambao sikuwahi kuukata.

Nikachukua ufunguo, nikaenda. Ndani kulinuka vumbi. Kwenye rafu ya jikoni kishikwambi cha Mama kilikuwa bado kwenye chaji, pale pale nilipokiegemeza ukutani, na kioo chake kilionyesha mlango wangu: Jina. Neno la siri. Mimi mwenyewe nilikitega kiwe kinaufungua ukurasa kila alfajiri na kumpitishia Mama picha moja moja, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa havishiki tena. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Nikakaa kwenye kiti chake, nikalia. Muda wote ule nilikuwa nakisalimia kishikwambi.

Baadaye nikapiga moyo konde, nikampigia Kaka. Alipokea upesi.

"Ni mimi," nikasema.

"Najua. Namba yako sijaifuta."

Nikajikaza, nikamwambia ukurasa sasa una mlango, ila yeye nimemfungulia akaunti, aingie amwone Mama.



"Ukurasa gani?"

Nikamweleza: picha, salamu, mgeni wa alfajiri, hata ile chai. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Huo ukurasa mimi sikuwahi kuambiwa," akasema. "Nilikuwa naangalia simu tu kila nikiamka, kama umenipigia. Nikajua hata wewe umenikata."