Sahani ya Kidaka cha Juu

Katika kidaka cha juu kabisa kati ya vile vilivyochongwa ukutani, mahali palipokuwa pakingoja sahani ya marehemu mama wa bibi harusi, palikaa picha ya gari moshi. Mwanakuu aliitazama, akafumba macho, akayafumbua. Gari moshi lilikuwa pale pale, likifuka moshi mweusi juu ya kitanda cha harusi.

Yeye na wifi yake Sheikha ndio walioitwa kila nyumba ilipotaka kupendeza. Walishauri kaure ipi ikae wapi, kioo kielekee dirisha gani, zulia lipi lisigombane na pazia. Juma hilo, vita vikiwa vimekwisha mwaka uliotangulia, walikuwa na nyumba tatu mkononi: hii ya Mzee Aidarus ya Ndia Kuu, penye harusi, moja ya Bondeni, na moja ya karani wa reli aliyetoka bara, kule kwenye nyumba za reli zenye vigae vyekundu. Vitu vilifungwa nyumbani kwa Mwanakuu, kila furushi likatiwa uzi wa rangi ya nyumba yake, kisha Gharib hamali akavisukuma kwa mkokoteni.

"Wifi," Mwanakuu aliita polepole, "uzi mwekundu ulikuwa wa nani?"

"Wa vigae vyekundu. Wa nani tena?"

"Mwekundu ni wa bibi harusi! Nani asiyejua?"

"Mimi," alisema Sheikha, pini za pazia zikiwa mdomoni. "Bibi harusi nilimpa kijani. Wewe hukumpa kijani?"

Mwanakuu alijaribu kukumbuka nani kafunga furushi lipi, na kadiri alivyokumbuka ndivyo alivyozidi kupotea. Maneno ya wifi yake yalikuwa na maana. Yake pia. Inakuwaje watu wawili wawe sawa, na gari moshi liwe kidakani?

Mwanabaraka, bibi harusi mwenyewe, alisimama mlangoni, hina ingali mbichi mikononi.

"Bi Mwanakuu, wanawake wanakuja alasiri kuutazama ukumbi. Sahani ya mama isipokuwapo, miye siketi kitandani pale. Waje wautazame ukuta."

Mwanakuu alivaa buibui akatoka, picha ya gari moshi kwapani.

Zilpah, mke wa karani, alimpokea kwa furaha isiyo na shaka. "Mama, karibu! Umefika wakati mzuri. Tunakula."

Na kweli walikuwa wakila. Mumewe Dishon pamoja na ndugu yake walikuwa wameinamia meza, na katikati ya meza, imejaa samaki wa nazi hadi ukingoni, ilikuwa sahani ya marehemu.

"Mwanangu," Mwanakuu alisema, "hiyo si ya kulia chakula. Ni ya ukutani."

Zilpah alitazama sahani, akautazama ukuta. "Ya ukutani? Sasa huko juu inafanya nini?"

Maisha yake yote Mwanakuu alikuwa akizipandisha sahani juu, na hakuna aliyewahi kumuuliza hilo.

"Naitaka sahani hiyo sasa hivi," alisema.

"Basi tusaidie kuimaliza, Mama," Dishon alicheka, akimsogezea kiti. "Tukiwa wanne itaisha upesi."

Aliiegemeza picha ukutani, akanawa, akala. Samaki alikuwa mtamu, nalo hilo lilimchanganya zaidi. Mchuzi ulipungua, ua la buluu likatokea, kisha daraja, kisha mti uliolala juu ya maji. Hayo aliyajua. Lakini Zilpah alipofuta mchuzi wa mwisho kwa tonge la ugali, karibu na daraja palionekana kijumba, na katika dirisha lake mwanamke mdogo kama punje ya mtama, ameinua mkono.

Mwanakuu aliacha kutafuna. Sahani hii aliitundika yeye mwenyewe, kwenye harusi ya marehemu, akaisifu mbele za watu kila alipoingia nyumbani mwake. Mtu huyu alikuwamo siku zote? Alikuwa akiita, au akiaga?

Alirudi Ndia Kuu na sahani iliyooshwa, yenye harufu ya nazi iliyokataa kutoka. Sheikha alikuwa ameshaweka ngazi.

"Lete, lete! Wako njiani hao."

Mwanabaraka alinyoosha shingo. "Kidaka cha juu kabisa, Bi Mwanakuu. Kama kwa mama."

Mwanakuu alipanda kipandio kimoja, akasita, akashuka. Hakujua anafanya nini.

"Mwanangu, mamako alikwambia lolote juu ya huyu mtu?"

"Mtu gani?"

Alimkabidhi sahani. Mwanabaraka aliketi ukingoni mwa kitanda alichoapa kutokikalia, akaigeuza kuelekea dirishani, akainamisha uso karibu, karibu zaidi. Akanusa. Kidole chenye hina kikaanza kutembea juu ya daraja, polepole, kuelekea kile kijumba.

Chini, hodi zilikuwa zikigongana na vigelegele.

"Wifi!" Sheikha alinong'ona kutoka juu ya ngazi, mikono mitupu mbele ya kidaka kitupu. "Niweke nini hapa?"

Mwanakuu hakugeuka. Alikuwa akikitazama kile kidole.