Pakiti ya Kijani Juu ya Mashine

Hasira hii bado ninayo, na sina mpango wa kuimeza.

Jumatatu asubuhi programu yetu ya kupanga miadi ya wagonjwa iliharibika. Iliwapa wote daktari mmoja na saa ileile, wazee wa watu wakapanga foleni mpaka nje ya hospitali, mvua inawanyeshea. Meneja Liao alipoingia chumba cha mashine hakuuliza lolote kuhusu programu. Aliinua ile pakiti ya kijani ya vitafunio vya nazi tunayoweka kama hirizi juu ya mashine za kompyuta ili zitulie zisiharibike, akasoma tarehe. Muda wake ulikuwa umekwisha, kwa hiyo haikuwa na nguvu tena, na zamu ya kuibadilisha ilikuwa ya Kuang-yu, mwenzetu aliyeandika programu hiyo.

Pakiti hata mimi naweka. Sina ubavu wa kuchokoza mashine. Lakini Ijumaa Kuang-yu alikuwa ameomba siku moja tu, mwenzake aisome kazi yake kabla haijaenda kwa mteja. Liao alimkatalia mbele yetu sote. Kusomeana kazi, alisema, ni uvivu uliovaa tai. Timu yenye kasi haisomi, inapeleka. Haraka haraka haina baraka, lakini umwambie nani?

Mchana akaja mteja, Bi Tseng wa hospitali. Liao akamsimamisha Kuang-yu aombe radhi, na wote tulijua kwamba baada ya radhi angefungasha vitu vyake. Kisa pakiti. Nikasimama.

"Bi Tseng, pakiti haikuandika programu," nilisema. "Huyu aliomba kazi yake ikaguliwe, meneja akakataa."

"Hsiu-chen, kaa chini," Liao akasema.

"Nimekaa mwaka mzima, Meneja. Makalio yamekufa ganzi."

Bi Tseng hakucheka. Alimgeukia Kuang-yu, akamuuliza kama ni kweli. Wenzangu wakaangalia vikombe vyao vya chai.

Kuang-yu akainama mpaka nikaona kisogo chake. "Dada Hsiu-chen ana hasira tu, mumsamehe. Mimi sikuomba chochote. Nilisahau pakiti."

Liao akamshika bega, akasema mtu mkweli hafukuzwi.

Ijumaa iliyofuata Liao alipiga makofi, akasema peleka. Nilimwomba Kuang-yu anipe kazi yake niisome, hata kwa dakika chache. Hakunitazama. Alibonyeza, ikaenda, kisha akaniuliza kwa upole kama tutakula tambi pamoja.

Nikamwambia akale na Liao.